Hitilafu ya Umeme na Muhuri Nilioununua

Mama yangu ndiye aliyeanza kusikia harufu ya samaki. Alikuja Dar es Salaam kutoka Songea kwa matibabu ya macho, tukampa chumba cha watoto, na watoto wakahamia sebuleni kwa furaha isiyofichika. Siku ya pili alimweleza mke wangu, kwa upole wa mgeni asiyetaka kuonekana mchokozi, kwamba huenda kuna samaki aliyesahaulika mahali. Tulisafisha jokofu. Tulivuta kabati la vyombo na kufagia nyuma yake. Tulimshuku paka wa jirani. Harufu ilipotea mchana, ikarudi alfajiri, saa ambayo mama huchemsha maji ya kuoga katika jagi la umeme tulilomwekea chumbani ili asihangaike kutembea gizani.

Alfajiri ya siku ya nne aliniita. Nilimkuta amesimama kando ya kitanda, kiganja chake amekibandika ukutani juu kidogo ya soketi, vile vile alivyokuwa akitushika paji la uso tulipokuwa wadogo.

"Baba, huu ukuta una homa."

Niligusa. Kifuniko cha soketi kilikuwa cha moto kiasi cha kunifanya niondoe mkono. Pembe yake ya chini ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Umbali wa shibiri moja kutoka hapo kilining'inia chandarua. Wanangu wawili wamelala chini ya chandarua hicho kwa miaka mitatu, na kila asubuhi ya shule sare zao zimepigwa pasi kwa soketi hiyo hiyo.

Nilizima swichi kuu, nikakaa gizani na mama mpaka kulipokucha, kisha nikamtafuta fundi. Alikuja mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu aliyefanya kazi ya umeme kiwandani maisha yake yote. Alifungua kifuniko taratibu. Plastiki ya ndani ilikuwa imeungua ikawa kama ganda la mkate, na harufu ile ikatujia usoni. Akatufahamisha kwamba plastiki ngumu inayotumika katika soketi nyingi hutoa harufu inayofanana na samaki inapopata joto kali, na kwamba katika ujana wake aliwahi kuingia nyumba tatu ambazo wenyewe walikuwa wanatafuta samaki. Waya mmoja ulichomoka wenyewe mara tu alipoivuta soketi. Skrubu iliyopaswa kuubana aliizungusha kwa ncha ya kidole, bila bisibisi.

"Dokta, nani alikufungia umeme nyumba hii?"

Sikumjibu. Nikauliza la kwangu: mbona sakiti breka haikukata?

"Ikate nini?" akasema. "Umeme haujazidi. Yenyewe inaona mambo yako yako sawa."

Nimelifikiria jibu hilo kwa majuma kadhaa, na ili msomaji aone kwa nini, inabidi nirudi kwenye fizikia ambayo wengi wetu tuliikariri kidato cha tatu na cha nne kwa ajili ya mtihani tu. Mkondo wa umeme unapopita mahali penye ukinzani huzaa joto, na joto hilo hupatikana kwa kuchukua mraba wa mkondo na kuuzidisha kwa ukinzani. James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, alilipima jambo hilo katika miaka ya 1840. Jagi la wati 2,000 katika umeme wa volti 230 huvuta ampea zisizofika 9. Kiungo kilichokazwa barabara, yaani pale ncha ya waya inapobanwa na skrubu, kina ukinzani mdogo mno. Tuseme ni 0.005 ya omu: joto linalozaliwa hapo halifiki hata nusu ya wati, na ukuta haujui lolote. Sasa skrubu ilegee. Waya unagusa shaba kwa nukta mbili tatu badala ya kulala juu yake, ukinzani unapanda, tuseme mpaka nusu ya omu. Mahali padogo kama punje ya hindi panatoka zaidi ya wati 35. Aliyewahi kushika balbu ya zamani ya wati 40 baada ya kuwaka nusu saa anajua maana yake, na balbu ina kioo kizima cha kutawanyia joto lake.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba halitulii. Joto huifanya shaba ishikwe na utando mweusi, na utando huo haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo ukinzani unaongezeka, na joto nalo linaongezeka. Chuma hutanuka kikipata moto na kusinyaa kikipoa, kwa hiyo kila jagi linapochemka na kila pasi inapozimwa skrubu inapoteza kidogo ya ule ukazo uliobaki. Kwa ndugu zetu wa Tanga, Bagamoyo na Unguja, hewa ya chumvi inasaidia kazi hiyo kwa kutia kutu. Ganda la plastiki la nyaya nyingi za majumbani limetengenezwa livumilie nyuzi 70 za Selsiasi. Likipita hapo kwa muda mrefu hukakamaa, likapasuka na hatimaye likawa makaa. Hakuna kiungo kilicholegea kinachojikaza chenyewe.

Na muda wote huo sakiti breka imetulia. Ya chumba kile ni ya ampea 32. Kazi yake ni kupima wingi wa mkondo, na mkondo uliokuwa ukipita haukufika 9. Kiungo kibovu hakiongezi mkondo hata kidogo. Kikifanya lolote, huupunguza. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi, ya ampea 13, nayo haioni kitu. Hata kile kifaa cha bei zaidi kinachokata umeme unapovujia ardhini kitanyamaza, kwa sababu hakuna kilichovuja. Tumezoea kuamini kwamba ile swichi ndogo ukutani inatulinda na moto. Inatulinda na aina moja ya moto. Huu mwingine hupita mbele yake ukiwa na vibali vyote mkononi.

Mimi hufundisha uwajibikaji wa umma, na wanafunzi wangu watanisamehe nikisema kwamba nilimwelewa mzee yule haraka kuliko nilivyopenda. Nimesoma ripoti nyingi za ukaguzi ambamo fedha iliyotoka imelingana na fedha iliyoidhinishwa, hesabu zimefungwa, hati imetolewa safi, na zahanati iliyojengwa kwa fedha hiyo haina maji. Kipimo kilikuwa cha wingi. Hakuna aliyepewa kazi ya kuingia na kugusa ukuta.

Nilipokuwa nikimsikiliza nilikumbuka pia aibu nyingine. Kwa miezi mingi taa ya chumba kile ilikuwa ikipepesa kila pasi ilipochomekwa. Nililiandikia shirika la umeme malalamiko mara tatu, moja likiwa na maneno ambayo nisingependa mwanafunzi ayasome. Katika mhadhara mmoja nililitumia tatizo hilo kama mfano wa huduma duni za umma, na ukumbi ukacheka. Fundi alifuata waya ile na kukuta kwamba aliyefunga umeme, ili kuokoa mita chache, alikuwa ameichukulia taa umeme kupitia kwenye skrubu ile ile iliyolegea. Pasi ilipovuta, taa ilikosa. Umeme ulikuwa ukifika nyumbani kwangu vizuri kabisa. Ulikuwa unakwama ndani ya ukuta wangu, kwenye kazi niliyoilipia.

Turudi kwenye swali la mzee, nani alinifungia umeme. Alikuwa kijana mmoja mchangamfu aliyeletwa na fundi mwashi. Hakuwa na leseni, nami nililijua hilo. Sheria yetu haikunyamaza: EWURA hutoa leseni kwa mafundi na wakandarasi wa umeme, kwa madaraja, kulingana na kazi wanayostahili kufanya. Fomu ya kuombea umeme nayo ilidai saini na muhuri wa mtu mwenye leseni, anayethibitisha kwamba nyaya zimefungwa na kupimwa inavyotakiwa. Kijana akaniambia nisiwe na shaka, yupo bwana mmoja mwenye muhuri. Nikampigia bwana huyo simu, tukaelewana bei sawa na mifuko mitatu ya saruji, na jioni fomu ikarudi imegongwa na kutiwa saini. Humo imeandikwa kwamba nyumba imekaguliwa. Chini yake kuna saini nyingine, ya mwenye nyumba, na saini hiyo ni yangu. Wakati huo nilikuwa nimeshapata shahada ya uzamivu, na sehemu kubwa ya tasnifu yangu ilihusu nyaraka za serikali zinazothibitisha mambo ambayo hayakufanyika.

Najua udhuru wangu, maana nilijiambia mwenyewe siku ile. Kodi ya nyumba tuliyopanga ilikuwa inakaribia kwisha. Kila mtu hufanya hivyo. Mwenye leseni angekuja na bei ya juu na angetaka tubomoe plasta sehemu mbili. Kijana alifanya kazi kwa bidii, na taa zote ziliwaka siku ya kwanza. Hapo ndipo penye mtego: kiungo kibovu na kiungo kizuri huwasha taa kwa namna moja. Hata mkaguzi mwadilifu, akija na kipimo chake na kupima kama ganda la waya ni zima na kama waya wa ardhini umefika, anaweza asikione kiungo kilicholegea, kwa kuwa wakati huo hakijabeba mzigo. Mzee wangu anasema kipimo ni mkono. Unakaza, unauvuta waya, unakaza tena. Unahakikisha hujabana ganda la plastiki pamoja na shaba, hujaweka waya mnene na mwembamba chini ya skrubu moja, na hujasokota nyaya mbili darini ukazizungushia tepu nyeusi na kuziacha juu ya mbao za kenchi. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa kila soketi, na hakuna atakayeiona milele. Hulipiwa tu na mtu anayejali asichokiona.

Sasa msomaji afikirie jinsi habari hii ingeandikwa kama mama yangu angekuwa na mafua wiki ile. Moto wateketeza nyumba usiku, chanzo kinadaiwa kuwa hitilafu ya umeme. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi sana, kuhusu maduka, mabweni, masoko na nyumba za kupanga, na sikumbuki hata mara moja nilipoiuliza swali. Tazama ilivyoundwa. Haina mtendaji. Neno hitilafu limetujia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili bado linabeba maana ya kutoelewana. Watu wakihitilafiana tunakwenda kuwasuluhisha. Tunapoandika hitilafu ya umeme ni kana kwamba umeme umegombana na nafsi yake ndani ya ukuta, usiku, bila ya shahidi. Umeme haukuwa na hitilafu yoyote. Ulifuata kanuni ya Joule bila kukosea. Kuna mtu hakukaza skrubu, kuna mtu aligonga muhuri akiwa amekaa ofisini kwake, na kuna mtu alilipa.

Haiwi hivyo kila mahali. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower jijini London liliungua na watu 72 wakafa. Moto ulianzia jikoni katika fleti ya ghorofa ya 4, ndani ya friji. Mbele ya tume ya uchunguzi mtaalamu mmoja wa umeme alitoa maoni kwamba chanzo kilikuwa kiungo cha waya kilichobanwa vibaya karibu na kompresa, kikapata joto. Tume haikuthibitisha kwa uhakika kamili kwamba kiungo hicho ndicho chenye kosa, lakini nilivutiwa na kwamba walikitafuta: katika majivu ya jengo zima, watu walikaa wakabishana juu ya kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha. Na hawakuishia hapo. Waliuliza kwa nini moto wa friji moja ulipanda ghorofa zote, nani aliuza vifuniko vya nje vilivyoshika moto, nani alivipitisha, na serikali ilijua nini. Ripoti ya mwisho ilitoka Septemba 2024. Sisemi kwamba miaka saba ni mwendo wa kusifiwa. Nasema kwamba hakuna aliyekubaliwa kufunga jalada kwa maneno matatu.

Wamarekani nao walipitia yao. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 nyumba nyingi zilifungwa nyaya za alumini kwa sababu shaba ilipanda bei. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilikuja kueleza kwamba nyumba zenye nyaya za alumini zilizotengenezwa kabla ya 1972 zilikuwa na uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na kiungo kilichofikia hali ya hatari ya moto kuliko zenye nyaya za shaba. Nyaya zenyewe hazikuwa tatizo kubwa kama sehemu zinapoungana.

Hapa kwetu tumefanya kazi ambayo sitaki kuidharau. Mwanakijiji hulipa shilingi 27,000 kuunganishiwa umeme, na nguzo zimefika mahali ambapo nikiwa mtoto tulisomea koroboi. Lakini tunachohesabu ni idadi ya waliounganishwa. Kutoka kwenye mita kuingia ndani, mambo ni ya mwenye nyumba na fundi atakayempata. Mimi nina nyumba yangu na ninaweza kuita mzee wa kuifungua. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Tandale hana hata ruhusa ya kugusa soketi. Nyumba aliyopanga ilifungwa nyaya zamani kwa ajili ya balbu na redio. Leo ina vyumba sita, mita moja ya LUKU, majokofu manne, majagi na pasi, na plagi inacheza kwenye soketi mpaka aiegemeze kwa kipande cha kadibodi. Akimwambia baba mwenye nyumba kwamba soketi inatatarika, ataambiwa apunguze matumizi. Nchini Uingereza, tangu kanuni za mwaka 2020, mwenye nyumba ya kupangisha huko England analazimika kukagua mfumo wa umeme walau kila baada ya miaka mitano na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Kwetu, katika miaka yote niliyopanga, na nilipanga miaka kumi na mmoja, sikuwahi kumwona mtu yeyote akirudi kuangalia kilichomo ukutani baada ya mita kufungwa.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wataniambia kwamba wakaguzi hawatoshi, nami nawaamini. Ila mwenye leseni aliyeweka muhuri kwenye fomu yangu jina lake lipo, namba yake ipo, saini yake ipo. Hahitaji kutafutwa na wakaguzi elfu. Ingetosha kila nyumba inapoungua fomu yake itolewe kabatini na mwenye muhuri aitwe aeleze siku aliyokwenda na alichokigusa. Na mwenye nyumba aitwe pia. Naliandika hili nikijua ni nani ningekuwa katika kikao hicho.

Nilimpigia bwana yule. Hakunikumbuka, jambo lililo haki yake, maana mihuri ni mingi. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Lakini Dokta, mimi nyumba yako sikuiona." Nikamwambia ndiyo, najua.

Mzee alimaliza siku mbili kwetu. Kati ya soketi na swichi 31 alikuta 7 zenye skrubu inayozunguka kwa kidole, na darini viungo vinne vya kusokota, kimoja kikiwa kimeacha alama nyeusi kwenye ubao. Alikataa kuondoka na soketi iliyoungua, akasema niitunze. Iko mezani kwangu ofisini, na wanafunzi hudhani ni kisahani cha majivu. Mama alirudi Songea baada ya kupona jicho la kulia. Wiki aliyokaa baada ya matengenezo alikuwa akipita kila usiku chumba kwa chumba, anagusa kuta, ndipo analala.

Mwezi uliofuata jirani yangu, anayemalizia nyumba yake ng'ambo ya barabara, alikuja kuniomba namba ya mtu wa muhuri. Alisikia kwamba ninaye. Binti yake anaolewa Desemba na anataka wageni wakute umeme. Nilimpeleka ofisini, nikampa soketi ile aishike, nikamsimulia yote haya. Aliigeuzageuza, akainusa, akanipa pole kwa dhati kabisa. Kisha akaniuliza kama namba ile bado ninayo. Sikumpa. Nilimpa ya mzee. Baada ya wiki tatu nilitoka nje usiku nikaona taa imewaka barazani kwake, nikampigia mzee kumshukuru, naye akaniambia hajawahi kupigiwa simu na mtu huyo.